Je, Ningeweza Kumshika Mkono?

Tarehe 3 Februari

Kucha, mwanangu,

Nakujulia hali huko ulipo, na kabla hujaniuliza yangu nakujibu: mimi mzima, isipokuwa mikono. Nyumba imesimama. Bomba la jikoni bado linadondosha maji. Nimeweka sufuria chini yake, na yale matone yamekuwa kama mtu wa tatu humu ndani. Nimeandika wa tatu kwa mazoea. Ni wa pili.

Fundi saa, jirani yangu wa kibandani, anakusalimu sana. Bado anajiona yeye ni daktari na mimi ni mchonga vyuma tu. Juzi kasema mbele ya wateja, "Mwenzangu anafungulia watu milango, mimi nawarudishia muda." Nikamwuliza, kama muda unao mwingi wa kurudishia watu, mbona kila siku unafika saa nne? Akacheka mpaka ile lenzi ya jichoni ikamdondokea kwenye chai.

Mama yako mdogo sasa ana miezi mitano tangu tumzike. Nguo zake nimezigawa kama alivyosema, isipokuwa sweta ya kijani. Kifungo chake cha tatu ulikishona wewe ukiwa darasa la nne, kwa uzi mwekundu, na hakikukaa sawa. Mimi nilitaka kukitoa nikishone upya. "Kitoe uone," aliniambia. Kwa hiyo kipo.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu ukinyamaza kidogo mwenzako anaanza haloo, haloo, anadhani laini imekatika. Kwenye karatasi mtu ananyamaza anavyotaka.

Sasa shida yenyewe. Ile mikono unaijua. Vilianza vipele vidogo pembeni mwa vidole, vina maji ndani, vinawasha mpaka unatamani kujisugua kwa tupa. Vikapasuka. Ngozi ikakauka, ikachanika kwenye viungo, ikawa inatoa majimaji. Inapoa wiki mbili, inarudi wiki tatu. Wateja siku hizi wanaweka hela mezani, hawanipi mkononi. Wiki iliyopita mama mmoja alipokea ufunguo wake kwa kipande cha gazeti, kama anaokota mende. Fundi saa naye, "Mzee, unageuka mamba polepole. Ukianza kuota mkia tuambie tuhame." Nilicheka, lakini mikono niliiweka chini ya meza.

Wewe unafanya kazi kwenye maabara ya mambo ya ngozi. Naomba uniambie: ugonjwa huu unaambukiza au hauambukizi?

Siulizi kwa ajili ya wateja. Wao wataweka hela mezani na mimi nitaziokota. Nauliza kwa ajili ya zile wiki sita za hospitali, yeye kitandani na mimi kwenye kiti karibu na mlango, na sikumshika mkono hata mara moja. Nataka kujua kama ningeweza. Ni hilo tu.

Baba yako mdogo


Tarehe 27 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako niliisoma ngazini, nimesimama, mkoba bado begani. Mimi sijambo. Chumba ni kile kile, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira imeingia mpaka kwenye mito. Majirani nawajua kwa vikohozi tu. Kuna mmoja hupiga chafya tatu kila asubuhi, na mimi humwambia "afya" kupitia ukutani, ingawa hanisikii. Huo ndio ujirani wangu. Mwambie fundi saa nimemkumbuka, na asikuite mamba, kwa sababu mamba ngozi yake haimwashi.

Nimefurahi umeuliza kuhusu ngozi. Hakuna anayeniuliza. Nikisema kazi yangu ni kupima masikio ya panya, watu hubadilisha mazungumzo.

Ngoja nikueleze. Ngozi tunaiona kama ukuta, lakini kila tofali la ukuta huo ni seli, na seli ina uhai. Ikikwaruzwa, au ikiguswa na kitu isichokipenda, inapiga mbiu. Mbiu yenyewe ni molekuli, chembe ya protini ndogo kuliko chochote utakachokiona kwa macho. Seli moja inaitoa, nyingine inaipokea. Tunaziita molekuli za ishara, na kinga ya mwili inaendeshwa nazo. Kila moja ina umbo lake, na kwenye seli inayopokea kuna tundu la umbo hilo hilo. Baba mdogo, wewe hapa huhitaji mwalimu: ni ufunguo na kitasa.

Ngozi ikiwa salama, funguo hizo hutengenezwa chache, mlango unafunguliwa, kidonda kinashughulikiwa, mlango unafungwa. Kwenye ukurutu, ule wanaouita pumu ya ngozi, na kwenye ngozi iliyokataa kitu fulani kama mikono yako, funguo zinachongwa bila kikomo. Nyingi hazina majina, zina namba kama wafungwa. Ya nne na ya kumi na tatu ni ndugu. Hizo zikiingia kwenye seli za ngozi huziambia ziache kutengeneza saruji inayoshikanisha ukuta, ndiyo maana ngozi inakauka na kuchanika. Ya thelathini na moja haina habari na ukuta. Yenyewe inakwenda moja kwa moja kwenye neva na kusema neno moja tu: jikune. Ukijikuna, ukuta unaumia, mbiu inapigwa tena. Unaona lilivyo duara.

Kazini tunawapaka panya dawa fulani kwenye sikio siku kadhaa mfululizo, sikio linavimba, linakuwa jekundu, mfano wa ukurutu wa mtu. Mimi kila asubuhi napima unene wake kwa kipimo cha taya mbili, kama kile chako cha kupimia funguo, ila changu kina betri. Tunao panya waliozaliwa bila kitasa cha ile ya nne. Hao sikio linavimba kidogo tu. Wanalala, wanakula, wananitazama kama mimi ndiye niliyefungiwa.

Nilivyokuwa mdogo nikijikuna mpaka mkaniita Kucha, mlidhani ni damu chafu. Mama mdogo akinivalisha soksi mikononi. Laiti angejua zilikuwa molekuli.

Kwako wewe nashuku madini ya funguo, hasa zile nyeupe zinazong'aa. Zina nikeli, na ngozi ikishaikataa haibembelezeki. Nenda kliniki wakupime. Na ukishanawa tu, paka mafuta mazito kabla mikono haijakauka.

Bomba litengeneze.

Kucha wako


Tarehe 20 Machi

Mwanangu Kucha,

Barua imefika na sasa najua mwili wangu una kiwanda kikubwa cha funguo kuliko kibanda changu. Nilimsomea fundi saa. Akasema ikiwa ni hivyo basi nimerogwa na kazi yangu mwenyewe. Yule mwalimu mstaafu, mpotezaji wa funguo za kabati, alikuwepo pia. Hii ilikuwa mara yake ya tano. Akasema afadhali mimi ninao wanaonichongea bure.

Bomba sijalitengeneza. Likinyamaza nitasikia nini?

Nina swali la fundi. Kitasa kikisumbuliwa na funguo za wezi, hatufukuzi wezi wote mjini. Tunavunjia kipande cha ufunguo mle ndani makusudi, au tunaziba tundu, na hakuna kinachoingia tena. Hao wataalamu wenu hawajafikiria kuziba tundu?

Nimekwenda kliniki. Nilikaa kwenye benchi na mtoto aliyekuwa anajikuna nyuma ya magoti huku mama yake anampiga kikofi, "Acha!" Anajikuna, kikofi, anajikuna. Nikamwambia yule mama ni ya thelathini na moja hiyo. Akanitazama, akasogea mbali.

Lakini mwanangu, niliuliza neno moja na umenijibu panya. Nimeisoma barua yako mara tatu, pande zote mbili, nimetafuta. Unaambukiza au hauambukizi?

Mwaka jana nilikuuliza kwa simu ya fundi saa, siku mama yako mdogo alipolazwa. Ukanijibu kwa ujumbe. Fundi saa alininakilia kwenye karatasi, ninayo: "Usimshike kwa mikono hiyo. Waachie manesi." Nilifuata. Siandiki kukulaumu. Naandika kwako kwa sababu wewe ndiye niliyekuuliza mara ya kwanza.

Baba yako mdogo


Tarehe 2 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, tuna panya wapya na wote wamefika siku moja.

Hauambukizi. Hata kidogo. Si kwa kushikana mikono, si kwa taulo, si kwa chochote. Waambie wateja wako.

Na swali lako la fundi limenifanya nicheke peke yangu kazini. Walishafikiria. Dawa mpya zilizopo ni hivyo hasa: protini inayokaa kwenye kitasa cha ile ya nne na ile ya kumi na tatu, kwa sababu hao ndugu wawili wanatumia kitasa kimoja. Tundu limezibwa, funguo zinazunguka nje hazina pa kuingia, na watu wanalala usiku bila kujikuna. Ni sindano, na ni ghali, na si ya kila ukurutu. Lakini ungekuja kwenye mkutano wetu wa Ijumaa, Mkuu wa maabara angekupa kiti cha mbele.

Salamu kwa fundi saa na kwa mwalimu.

Kucha wako


Tarehe 15 Aprili

Kucha,

Kliniki wamenibandika vibandiko mgongoni siku mbili, wakavitoa, na kimoja kikaacha alama nyekundu ya mviringo. Ni nikeli, ulivyosema. Wamenipa dawa ya kupaka na wameniambia nichonge zile za njano tu, zisizopakwa rangi ya fedha. Nimeshukuru.

Halafu nikafanya ujinga. Nilikata kipande cha boksi nikaandika kwa kalamu nene: MIKONO HII HAIAMBUKIZI. NIMEULIZA MAABARA. Nikakitundika juu ya mashine. Fundi saa alisimama akakisoma, akasema, "Sasa hapo umeharibu. Aliyekuwa hajaiona mikono ataitafuta." Na kweli. Siku nzima watu walikuja kutazama mikono, hakuna aliyechonga ufunguo. Kesho yake nikakitoa.

Lile neno lako moja, hauambukizi, lilinifurahisha kama dakika mbili. Baada ya hapo nikahesabu. Siku arobaini na mbili.

Kile kiti cha karibu na mlango kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Ukiegemea kulia kinagonga sakafu. Alikuwa ananisikia kwa mlio huo. Akiamka anasema, "Upo?" nami naegemea kulia, ko. Kulikuwa na nesi mmoja mfupi, mcheshi, kila akipita anasema, "Sogea baba, huyu hang'ati." Namwambia nimekatazwa. "Na nani?" Na mtaalamu, nasema. Nesi akaenda zake, kwa sababu nani abishane na mtaalamu.

Kabla hawajamfunika walinipisha. Wakasema unaweza kumshika sasa, baba. Nikasema hapana, mikono haijapona.

Kwa hiyo niambie, mwanangu. Kama hauambukizi, kwa nini uliniambia nisimshike? Lazima kulikuwa na sababu. Wewe huwezi kusema neno bila sababu, tangu utotoni. Nipe hiyo sababu nikae nayo.

Baba yako mdogo


Tarehe 10 Juni

Mwanangu,

Sijapata jibu lako, na posta wanasema hakuna barua iliyopotea. Wanasema hivyo kila siku, kwa hiyo labda imepotea.

Mikono ina nafuu. Fundi saa amelazwa siku tatu kwa ajili ya jicho, amerudi na kitambaa usoni, anasema sasa anaona muda nusu. Kibanda chake kikiwa kimefungwa nilikaa siku tatu bila kusema neno mpaka mteja aje. Nilipofungua mdomo sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Kama una kazi nyingi, usijisumbue kueleza. Andika tu kwamba upo.

Baba yako mdogo


Tarehe 2 Julai

Baba mdogo,

Nipo. Barua zako mbili zipo mezani. Ya Aprili nimeisoma mara nyingi mno. Nimekaa na karatasi mara sita, nikaandika habari za panya, nikachana.

Nitakupa sababu, lakini ni nusu ya sababu, na nusu nyingine ni mimi.

Nusu ya kwanza ni hii. Ugonjwa wako hauambukizi, hilo ni kweli. Lakini wale ndugu wawili, ya nne na ya kumi na tatu, wakizidi kwenye ngozi hawabomoi ukuta tu. Wanaiambia ngozi iache pia kutengeneza dawa yake yenyewe ya kuua vijidudu. Ndiyo maana vijidudu vinapenda kukaa kwenye ngozi iliyochanika namna ile. Kwako havina madhara makubwa. Mama mdogo alikuwa kwenye matibabu yaliyomaliza seli zake nyeupe, hakuwa na askari hata mmoja. Mkono unaotoa majimaji haukutakiwa kumgusa. Hilo nililijua, na hilo ndilo nililokuandikia.

Nusu ya pili. Ungeweza kuvaa glavu.

Ni hivyo tu. Ungenawa, ungevaa glavu, ungemshika mkono kutwa nzima, siku zote arobaini na mbili. Nesi angekupa bure. Ulipoandika nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha panya. Kwa siku navaa na kuvua jozi thelathini, ziko kwenye maboksi kila ukuta. Nilivua glavu ya mkono wa kulia ili niweze kukuandikia ujumbe. Nikaandika maneno sita, nikaivaa nyingine, nikaendelea kupima masikio.

Siku ya nne nikiwa nakunywa chai nililikumbuka hilo. Nikasema nitamwandikia jioni. Jioni nikaona aibu: nitaanzaje, nilikosea? Mimi, mtaalamu? Nikasema nitakwenda mwenyewe nimwambie uso kwa uso. Nikawa nasema hivyo. Halafu fundi saa akapiga simu.

Na lingine. Siku ya mazishi nilikuambia kwa simu kwamba siji, nimenyimwa ruhusa. Sikunyimwa. Sikuomba. Niliogopa ungenitazama ukaniuliza.

Hakuna kisingizio cha kuandika hapa. Yeye alinishika mikono utoto wangu wote ili nisijichane, na mimi kwa maneno sita nikamnyima mkono wako. Nilitaka kukutumia boksi la glavu kwa ajili ya kazi yako, zile zisizopitisha nikeli. Nililiweka mkobani nikalitoa. Sikujua ungeliona vipi.

Utaweza kunisamehe? Ukiwa huwezi, nitaelewa. Ila usinijibu kwa upole kama haupo.

Kucha


Tarehe 19 Julai

Kucha, mwanangu,

Barua yako ilifika Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Siku zote hizo nilikuwa nimekasirika, na nakuandikia hivyo ili usije ukanidhania mimi ni mtu mwema kuliko nilivyo. Nilikasirika mpaka fundi saa akaacha kunitania, na ujue hilo halijawahi kutokea. Nilichonga ufunguo wa mtu nikauharibu, nikachonga wa pili nikauharibu. Jumanne nilikuandikia ukurasa mzima. Ule sikutumii.

Jana nikagundua kuna jambo na mimi nilikuficha. Nilidhani litakuumiza. Litakuumiza, lakini ni lako, si langu kukaa nalo.

Siku ya tatu ya kulazwa aliniuliza, "Mbona umekaa kule mlangoni kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa chakula?" Nikamwambia Kucha kasema nisikushike kwa mikono hii. Nikadhani atalia. Akacheka, na kucheka kwake siku zile kulikuwa kwa mabega tu. "Kucha? Huyu niliyekuwa namfunga soksi asijikune, leo ndiye anatukataza sisi kushikana? Haya, msikilize. Tulimsomesha ili iwe nini?" Akamwambia yule nesi. Akamwambia na wa zamu ya jioni. Akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa hasikii. Mwanangu ni mtaalamu, amemkataza mume wangu, na mume wangu anatii. Ilimfurahisha, Kucha. Katika wiki zile sita hakukuwa na mambo mengi ya kumfurahisha.

Halafu akatafuta njia yake, unamjua. Aliagiza nilete taulo refu kutoka nyumbani. Yeye akashika ncha moja, mimi kwenye kiti changu nikashika nyingine. Akivuta mara moja, anataka maji. Mara mbili, niongee. Mara tatu, ninyamaze, na mara tatu ndiyo ilikuwa nyingi. Siku za mwisho hakuvuta. Mimi nilivuta kidogo kidogo, polepole, nikisikia uzito wa upande wa pili.

Sitakudanganya kwamba taulo ni mkono. Si mkono. Vidole vyake vilikuwa na joto la aina yake, hata wakati wa baridi, na kidole gumba chake kilikuwa na kovu la kisu ambalo mimi nililipitishia kidole miaka thelathini na moja. Nilitaka kulipitishia mara moja zaidi. Ningeweza, na sikulipitishia. Hilo hata nikikutafutia maneno mazuri halitengenezeki.

Umeniuliza kuhusu kusamehe. Nimelizungusha neno hilo siku nne, sikulipatia pa kulishikia. Nilichokipata ni kingine. Wewe hukuwa na mama mwingine wa kukulea ila yeye. Na wewe pia hukumshika mkono. Hukuja, hukumwona, ulikaa huko peke yako na hilo jambo lako, ukimwambia "afya" mtu asiyekusikia. Tuko wawili duniani tuliompenda namna hiyo na hatukumshika. Nikikufukuza wewe, hilo nitakaa nalo na nani?

Kwa hiyo hatuachani. Hasira zikirudi, kwa sababu najua zitarudi, nitakuandikia kwamba zimerudi, na wewe utanijibu. Usikae tena miezi mitatu. Na usije ukaacha kazi yako kwa ajili ya hili. Mtoto yule wa kliniki bado anapigwa vikofi kwa kujikuna, na mama yake hajui ni molekuli.

Glavu zitume. Saizi kubwa. Nina watu wanasubiri funguo.

Ruhusa omba, hata ya siku nne. Nitakupeleka alipo. Bado hakuna jiwe, nimeweka alama kwa mti mdogo, hutaujua bila mimi.

Kwa sasa, jambo moja tu. Jumapili sifungui kibanda. Asubuhi nachemsha chai, nakaa sebuleni, na hakuna anayepita mpaka mchana. Saa hiyo, popote utakapokuwa, naomba unikumbuke.

Baba yako mdogo